Usinivute Mkono: Mifupa ya Kioo Ukubwani

Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, barabara ya Kasenga imejaa matope mekundu, na mimi nilikuwa napanda taksi-bisi polepole kama kawaida yangu. Kijana wa mlangoni, yule anayeita abiria na kukusanya nauli, akanionea huruma. "Ingia, baba, tunaenda!" akasema, akanishika mkono juu kidogo ya kiganja, akanivuta. Mfupa ukalia kama kijiti cha kiangazi. Yeye mwenyewe alisikia. Akaniachia, akakitazama kiganja chake, halafu akanitazama mimi. Gari zima likanyamaza.

Siku ile sikuanguka, wala sikugongwa na kitu. Nilisaidiwa.

Nilikuwa na miaka 34, mwalimu wa Kifaransa, baba wa mtoto mmoja. Tangu nimalize sekondari nilikuwa nimevunjika kidole cha mguu tu, na nilikwisha kujiambia kwamba ugonjwa wa utotoni umebaki huko huko utotoni, pamoja na plasta na kulala chali huku wenzangu wakicheza mpira nje. Wengi wenye hali yangu hujidanganya vivyo hivyo. Mifupa hutulia baada ya kubalehe, mwaka unapita, na wa pili, mtu anaacha kwenda kwa daktari, wengine hawamwambii hata mchumba. Makala haya ni ya watu wazima wa namna hiyo na wanaoishi nao. Mimi si daktari. Nimekaa na mifupa hii miaka 47, nimesoma nilichoweza kukipata, nimewauliza madaktari maswali mpaka wengine wakanichoka. Nitakayosema kuhusu dawa na upasuaji, peleka kwa daktari wako kama maswali.

Hospitalini kwetu, ambako karatasi zote ni za Kifaransa, ugonjwa huu wa mifupa ya kioo unaandikwa ostéogenèse imparfaite. Jifunze kuliandika jina hilo bila kukosea, maana iko siku utamwandikia daktari ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa namna yako. Hutokea kwa mtoto mmoja hivi kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Kwa mji wenye watu zaidi ya milioni mbili kama Lubumbashi, si ajabu tukawa mia na zaidi, tumetawanyika kutoka Ruashi hadi Katuba, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Ukitaka kuuelewa, simama karibu na nyumba inayojengwa. Nguzo ya zege ina saruji na nondo. Saruji inabeba uzito, nondo zinazuia nguzo isikatike ikisukumwa. Ndani ya mfupa kalsiamu ndiyo saruji, na nondo ni protini iitwayo kolajeni. Sisi tumezaliwa na kosa katika maelekezo ya kutengeneza kolajeni hiyo, mara nyingi kwenye jeni mojawapo kati ya mbili, COL1A1 na COL1A2. Wenye aina nyepesi, kama mimi, nondo zetu ni nzima lakini ni kama nusu tu ya zile zinazohitajika. Wenye aina nzito wana nondo zilizopinda tangu kiwandani. Mwaka 1979 daktari wa Australia, David Sillence, na wenzake waliugawa ugonjwa katika aina nne, na ingawa nyingine zimeongezwa baadaye, namba hizo bado ndizo zinazotumika.

Mfano huu umeniokolea pesa nyingi. Sokoni na hata makanisani utakutana na mtu anayeuza unga wa kalsiamu "wa kukaza mifupa". Kumwaga saruji juu ya nguzo isiyo na nondo hakukupi nguzo imara. Kalsiamu ya kutosha tunaihitaji kama kila mtu mzima, miligramu 1,000 hivi kwa siku, na ikizidi sana inaweza kuleta mawe kwenye figo. Ndagala wanaoliwa na miiba yao, maziwa ukiyapata, mboga za sombe na lenga-lenga pembeni ya ugali wetu wa bukari: anzia hapo. Vitamini D inatoka juani, na jua tunalo, ila mtu anayeshinda ndani kwa sababu anaogopa kuanguka halioni. Huyo apimwe damu, aandikiwe vidonge kama amepungukiwa. Na bukari yenyewe ipimwe kwa macho, maana kila kilo ya ziada inabebwa na mifupa ile ile.

Kuhusu chanzo, nimesikia mengi. Bibi mmoja wa jirani alisema nimerogwa tumboni. Mchungaji akasema ni roho ya ukoo. Shuleni waliniita mtoto wa SS, kwa kuwa hapa mtoto anayelia mifupa mara moja hudhaniwa ana selimundu, na kweli magonjwa yote mawili yanauma mifupani. Siku hizi, tangu watu waanze kuzungumza juu ya sumu za migodi, naulizwa kama baba yangu alifanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines. Swali si la kipumbavu. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Lubumbashi, ulioonyesha kwamba baba anayefanya kazi inayohusiana na madini ana hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa. Lakini ule ulichunguza kasoro zinazoonekana wazi siku ya kuzaliwa, kama mdomo uliopasuka au mgongo ulio wazi. Mifupa ya kioo ni habari ya jeni. Mara nyingi inatoka kwa mzazi mmoja, na mara nyingine kosa linaanza kwa mtoto mwenyewe huku wazazi wote wawili wakiwa wazima. Mtu asikuambie mama yako alifanya nini.

Sasa mambo ya nyumbani, kwa sababu mtu mzima huvunjika zaidi nyumbani kuliko barabarani.

Angalia sakafu. Wake zetu na dada zetu wanapenda saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka ing'ae kama kioo. Ni nzuri sana na ni mtego. Nyumbani kwangu tuligombana juu ya sakafu hiyo wiki nzima, mwishowe tukakubaliana: sebule ing'ae kwa ajili ya wageni, lakini njia ya kutoka kitandani hadi chooni ibaki saruji kavu. Kama bafu ni la uani, mwambie fundi apige saruji ya kukwaruza na achimbie bomba la chuma la kushikilia, kwa kimo cha kiuno chako, asipime kwa kiuno chake. Umeme ukikatika, na unakatika, tochi iwe inaning'inia shingoni kabla giza halijaingia. Kuitafuta gizani ndiko kunakovunja watu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mifereji ya barabarani inajaa maji na huoni mwisho wake. Mimi miezi hiyo natembea na fimbo hata siku ambazo miguu haiumi. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikagundua kwamba fimbo inawafanya watu wenyewe wanipishe.

Pikipiki nimeacha. Sitakuhubiria, najua bei yake na najua foleni zilivyo, lakini mgongo wa mtu kama sisi unaweza kubonyea kwa shimo moja tu la barabara, bila kuanguka. Kwenye taksi-bisi kaa mbele au katikati, usikae juu ya magurudumu ya nyuma. Na kabla ya kupanda, sema. Nimejifunza sentensi moja na ninaisema kwa sauti kila siku: "Kijana, usinivute, nitapanda mwenyewe, unishikie mlango tu." Wanaelewa. Katika miaka 13 hakuna hata mmoja aliyenicheka. Tatizo la yule wa kwanza ni kwamba sikumwambia.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo kuhusu utu uzima wa ugonjwa huu: utotoni mama yangu ndiye aliyekuwa anasema, kila mahali, mpaka ananiudhi. Mama alipofariki maneno hayo yalinyamaza, na mimi sikuyachukua.

Kwa hiyo andika karatasi. Yangu ni nusu ya ukurasa, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, imefungwa kwenye plastiki ndani ya mfuko wa shati. Ina jina la ugonjwa, kundi la damu, namba mbili za simu, orodha ya mifupa iliyofanyiwa upasuaji na mwaka wake, na mahali chuma kilipo. Halafu inasema: usinivute mkono wala mguu, usininyanyue kwa makwapa, nikiwa siwezi kusimama nitelezeshwe juu ya ubao, watu wasiopungua watatu, ukinipima presha usijaze kifaa kupita kiasi, ukinilaza kwa dawa ya usingizi, shingo yangu isikunjwe nyuma kwa nguvu. Hayo mawili ya mwisho wengi hawayajui. Kwa mwenye aina nzito, kifaa cha presha peke yake kinaweza kuvunja mkono, na kumwingizia mirija kooni kunahitaji mtu aliyeonywa mapema.

Ukivunjika, na utavunjika, fanya mambo polepole. Kiungo kifungwe kilivyo, bila kunyooshwa, kwa katoni ngumu na kikwembe. Mke wangu anaweza kuifanya kazi hiyo gizani. Usiende kwanza kwa wakanda mifupa. Ninawaheshimu wazee hao, na wako waliowaunga watu wazima wenye mifupa ya kawaida, lakini kazi yao ni kuvuta, kukanda na kufunga kwa nguvu, na mfupa wetu ukivutwa unaweza kuvunjika pa pili kabla ya pa kwanza hapajapona. Hakuna dawa ya majani inayotengeneza nondo.

Hospitalini uliza maswali mawili. La kwanza: plasta itakaa muda gani? Mfupa wetu huunga kwa muda unaokaribia wa watu wengine. Kinachotuangusha ni kukaa miezi bila kutumia kiungo, kwa sababu mfupa usiobeba kitu unazidi kuwa mwepesi, na siku plasta inapotoka unavunjika tena. Omba plasta nyepesi na ya muda mfupi unaowezekana, na uombe kumwona kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mapema. La pili, kama ni mfupa mrefu wa paja au muundi na wanazungumzia chuma: je, ni bamba la kupigiliwa pembeni, au ni msumari wa ndani ya mfupa? Nikiwa na miaka 14, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliwekewa bamba na skrubu kwenye paja. Lilishika vizuri sana. Miaka miwili baadaye paja likavunjika palepale bamba linapoishia, kwa kuwa sehemu ya chuma ilikuwa ngumu na jirani yake laini, na nguvu zote zilikusanyika mpakani. Msumari unaopita ndani ya mfupa kutoka juu hadi chini unaugawana mzigo na mfupa mzima. Daktari wa mifupa anaweza kuwa na sababu ya kuchagua vinginevyo, lakini akueleze.

Picha zako za radio ni mali yako, na hapa kwetu mgonjwa ndiye anayezitunza. Zangu za utotoni zilikaa juu ya kabati chini ya bati linalovuja. Siku nilipozihitaji zilikuwa zimegandamana kama karatasi za peremende. Tangu hapo kila picha naiweka kwenye kioo cha dirisha asubuhi, naipiga kwa simu, naituma kwa mdogo wangu aliye Kolwezi. Daktari anayeiona radio ya leo bila ya jana hawezi kujua kama uti wa mgongo umepinda zaidi au ulikuwa hivyo.

Nimechelewa kufika kwenye masikio, na ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko mkono.

Darasa langu lina bati bila dari. Mvua ikinyesha hakuna mwalimu anayesikia kitu, tunaandika ubaoni na kungoja. Kwa miaka mitatu nilidhani ni mvua tu. Wanafunzi wakinijibu nawaambia warudie, wakirudia nawaambia waongee kama watu wazima. Nilimwadhibu binti mmoja kwa kunong'ona. Kisha ikaja Juni, kiangazi, anga kavu na baridi, hakuna tone la mvua, na nikamwona binti yule akifungua mdomo na sikusikia neno. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mwembe mpaka kengele ilipolia. Kengele niliisikia.

Takriban nusu ya watu wazima wenye mifupa ya kioo hupoteza usikivu kwa kiasi fulani, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, taratibu, bila maumivu. Ndani ya sikio mna vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini, navyo vimetengenezwa kwa kolajeni ile ile. Kwa hiyo pima masikio hata kama unasikia vizuri, halafu rudia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Daktari wa masikio, pua na koo, ORL kama tunavyomwita, ndiye wa kumwona. Kuna upasuaji wa kubadilisha kifupa cha ndani, lakini kwa watu wetu ni mgumu zaidi, vifupa vinabomoka mkononi mwa mpasuaji, hivyo afanye aliyewahi kuufanya. Mimi navaa kifaa cha kusikilizia. Kilinigharimu mshahara wa miezi kadhaa, nilikipata kwa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa mzunguko, na siku ya kwanza nilichosikia wazi ni chaki yangu mwenyewe. Binti yule nilimwomba radhi mbele ya darasa.

Kifua nacho hakitoi kelele. Mgongo ukipinda au mbavu zikibonyea, mapafu yanakosa nafasi, na ukweli ni kwamba magonjwa ya mapafu ndiyo yanayowaua watu wazima wengi wenye aina nzito, kuliko mvunjiko wowote. Wapenzi wa jazi wanamkumbuka Mfaransa Michel Petrucciani, aliyezaliwa mwaka 1962 na ugonjwa huu, mtu wa kimo cha mita moja hivi, aliyebebwa mpaka kwenye piano, pedali zikiongezewa urefu ili zimfikie miguu. Vidole vyake vilikimbia kuliko vya watu wenye mifupa mizima. Alifariki New York Januari 1999 akiwa na miaka 36, kwa maambukizi ya mapafu. Huwa nawapigia wanafunzi muziki wake bila kuwaambia habari zake, halafu nawaonyesha picha.

Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili usikichukulie kuwa vumbi la kiangazi. Nenda ukapimwe, na kifua kikuu kikiwemo. Mbabula ya makaa isikae chumbani unakolala, hata Julai kunapokuwa na baridi. Sigara hapana kabisa. Chanjo ya mafua na ya nimonia uliza kama inapatikana. Kama unachoka kwa ngazi chache, unaamka na kichwa kizito, unakoroma na kukatika pumzi usingizini, omba kupimwa nguvu ya mapafu. Na mara moja ukubwani, moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti, kwa sababu vali na mshipa mkuu nazo zina kolajeni hiyo.

Kuna dalili ambazo hazingoji mwisho wa mwezi. Maumivu mapya ya kisogo yanayozidi ukikohoa, mikono kufa ganzi, kumeza kwa shida, kuyumba kama mlevi bila kunywa: fuvu linaweza kuwa linakaa vibaya juu ya shingo na kubana mahali ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo bila kuanguka yanaweza kuwa pingili iliyobonyea. Kwa hayo tafuta daktari siku hiyo hiyo, na usikubali mtu akukande shingo.

Dawa. Hakuna inayoponya. Dawa za kundi la bisfosfonati, kama asidi zoledroniki inayopitishwa kwenye mshipa, zimewasaidia sana watoto. Kwa watu wazima zinaongeza uzito wa mfupa unaoonekana kwenye kipimo, lakini kwamba zinapunguza kuvunjika hakujathibitishwa vizuri kama watu wanavyoahidiwa. Mwanamke aliyekoma hedhi, au mtu mwenye pingili zilizobonyea, ana sababu nzuri zaidi ya kuzijadili na daktari kuliko kijana asiyevunjika. Kabla ya kuanza apimwe figo, kalsiamu na vitamini D, na amwone daktari wa meno, kwa sababu kung'oa jino ukiwa kwenye dawa hizi kuna hatari ya taya kutopona. Msichana anayetaka kuzaa aseme mapema, maana dawa inakaa mfupani miaka. Aliyeitumia kwa muda mrefu akasikia maumivu ya paja yasiyoisha, apigwe radio.

Kwa maumivu ya kila siku, anza na parasetamoli. Diklofenaki na ndugu zake zisiwe chakula cha kila asubuhi, tumbo na figo vitakudai. Tramadoli inapunguza maumivu na inaongeza kizunguzungu, na kizunguzungu ni kuanguka. Sawa na pombe ya lutuku, sawa na chupa ya tatu ya bia ya Simba. Lakini adui ninayemwogopa zaidi mjini kwetu ni kidonge kidogo cha deksamethazoni. Watu wanakimeza ili wanenepe, kinauzwa kama njugu, na mafuta mengi ya kujichubua yana dawa za jamii hiyo hiyo. Dawa hizo zikitumika muda mrefu zinakula mifupa ya mtu mzima wa kawaida. Kwetu sisi ni kuchomoa hata zile nondo chache tulizopewa. Dada mwenye ugonjwa huu, mashangazi wakikuambia umekonda, waache waseme.

Mazoezi fanya. Msuli unaovuta mfupa ndio unaouambia mfupa ujijenge. Mimi asubuhi natembea kuzunguka uwanja wa shule, kisha nimeketi nanyanyua chupa za maji za nusu lita, mkono mmoja mmoja, mara kumi. Hakuna kuruka, hakuna kuzungusha kiuno kwa nguvu, hakuna kuinama na kunyanyua ndoo. Maji ya bomba yakikatika na foleni ya mitungi ikaanza, huo ndio wakati wa kukubali kuitwa mvivu.

Kuhusu ndoa na watoto, mwambie mwenzako kabla ya mahari, ukiwa umekaa, ukiwa na maelezo mkononi. Ukiwa na aina ya kawaida inayorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya mbili ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba peke yake: watoto wawili wazima hawamkingi wa tatu. Na mtoto anaweza kuwa mgonjwa zaidi ya mzazi au chini yake. Mwanamke wa aina nyepesi anaweza kubeba mimba, lakini ajifungulie penye chumba cha upasuaji, na timu ijue mapema, kwa kuwa nyonga yake na mgongo wake vinaweza kuamua njia ya kuzaa na njia ya kumwondolea maumivu. Mtoto akizaliwa asinyanyuliwe kwa vifundo vya miguu. Mwanangu wa kwanza ana weupe wa macho wenye buluu kama wangu, alama ya ugonjwa huu. Wa pili hana. Wote wanajua kufunga kikwembe.

Kazini, kumbuka kwamba Kongo iliukubali mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya Mei 3, 2022, namba 22/003, inalinda haki za mtu anayeishi na ulemavu, shuleni, kazini na hospitalini. Utekelezaji ni habari nyingine. Lakini mkuu wangu wa shule alikuwa hajawahi kuisikia. Nilipompelekea nakala, darasa langu likahamishwa kutoka ghorofani kuja chini ndani ya wiki moja. Hakuwa mtu mbaya, na kabla ya hapo mimi mwenyewe sikuwa nimemwomba.

Mwenye kusoma Kifaransa atapata maelezo mazuri ya wagonjwa wenzetu kutoka AOI, chama cha Ufaransa, na kila Mei 6 watu wenye mifupa hii duniani huvaa manjano. Hapa mjini sijaona shati la manjano siku hiyo isipokuwa langu, na kila mwaka naulizwa ni la timu gani ya mpira. Ukiniona, simama unisalimie, bila kunivuta mkono.

Na mvua zinarudi Novemba. Radio zako zipige picha kabla ya hapo, na kama umepita miaka 20 na hujawahi kupimwa masikio, nenda mwezi huu.